Chati ya makardinali wa Barberini: inunue, lakini isahihishe kabla ya kuitundika

Chati hii ya ukutani, ukubwa wa A1, inauzwa shilingi 15,000 katika duka moja la vitabu vya dini katikati ya jiji la Mwanza. Inaonyesha ukoo wa Barberini wa Italia: Maffeo, aliyechaguliwa kuwa Papa Urbano VIII mwaka 1623, na makardinali wa damu yake.

Nembo imechorwa vizuri sana. Nyuki watatu wa dhahabu juu ya buluu, wawili juu na mmoja chini, hadi mishipa ya mabawa inahesabika. Hao ndio nyuki waliochongwa kwenye baldakini, yaani paa la shaba juu ya altare, lililotengenezwa na mchongaji Bernini katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Kosa zito liko kwa Antonio. Walikuwa wawili, wote makardinali: Antonio Marcello, mdogo wake Papa, mtawa wa shirika la Wakapuchini, aliyezaliwa 1569, na Antonio mwana wa Carlo, kaka yake Papa, aliyefariki 1671. Chati imewaunganisha, tukapata kardinali mmoja wa miaka 102! Bandika karatasi hapo, uandike wawili. Taddeo, ndugu wa huyo Antonio mwana wa Carlo, naye mvue kofia nyekundu ya ukardinali. Hakuwa kardinali, alimwoa Anna Colonna, na mtoto wao Carlo ndiye aliyepewa ukardinali mwaka 1653. Ukiiacha kofia, wanafunzi watauliza kardinali amepataje mke.

Tena Francesco ameandikwa "mpwa" wa Papa. Mpwa ni mtoto wa dada. Francesco ni mtoto wa kaka, Papa ni baba yake mdogo. Kwa ukoo ulioinuana kwa undugu, neno hilo si dogo.

Maelezo ya chini yanapendeza: Urbano VIII ndiye aliyewapa makardinali heshima ya "Mwadhama", mwaka 1630. Ndiyo heshima iliyomfikia Laurean Rugambwa wa Bukoba mwaka 1960.

Karatasi imewekewa plastiki upande wa mbele tu. Kwa unyevu wa ziwani, mgongo unanyonya maji na kutanuka, plastiki haitanuki, pembe zinajikunja kwa mbele. Ipeleke stesheneri iwekewe plastiki pande zote mbili, ikizidi karatasi sentimita 2 kila ukingo, na matundu ya kutundikia yatobolewe kwenye ziada hiyo. Tundu likipita kwenye karatasi, unyevu unaingilia hapo hapo. Masahihisho yabandikwe kwanza. Plastiki ikishafunga, Antonio atabaki na miaka yake 102.