Prosesa ya viini vinne kwenye ThinkPad T430: uzoefu wangu wa Lamu

Nilitoa prosesa ya i5-3320M yenye viini viwili kwenye ThinkPad T430 nikaweka i7-3632QM yenye viini vinne, na hii ni kaskazi ya pili naitumia hapa mjini Amu. Kazi hii naisifu kwa masharti, na sharti la kwanza ni wati, yaani umeme ambao prosesa hula na kuugeuza joto.

T430 ni laptopu ya mwaka 2012. Prosesa yake hukaa kwenye soketi, haikuchomelewa, ndiyo maana hubadilishika. I7 za kizazi cha tatu zinazoingia pale ni kadhaa: 3632QM ni ya wati 35, sawa na i5 iliyotoka nayo kiwandani, 3740QM na 3840QM ni za wati 45. Mitandaoni hizi za 45 ndizo zinazosifiwa zaidi, kwa kuwa gigahezi zake ni kubwa. Lakini wengi wa wanaozisifu wamekaa kwenye vyumba vya nyuzi joto 20. Mchana wa Februari chumba cha Lamu kina 31 au 32, na tofauti hiyo utaikuta karibu yote ndani ya prosesa. Zikifika nyuzi 105 prosesa hizi hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Kwa hiyo ya wati 45 huku kwetu itakuuzia kasi ambayo feni ya T430 haiwezi kuipoza. Chukua ya 35.

Vipimo vyangu, kazi nzito ya nusu saa, laptopu juu ya meza tupu: i5 ya zamani ilikuwa ikisimama kwenye nyuzi 78. I7 husimama kati ya 88 na 91 wakati wa kaskazi, na 82 hadi 84 kusi ikivuma na madirisha yakiwa wazi. Wati ni zile zile, lakini viini vinne huzitumia zote muda wote, ilhali i5 ilikuwa haifiki ukomo wake mara nyingi.

Faida iko wapi? Video ya dakika kumi niliyokuwa nikiitoa kwa dakika 38 sasa hutoka kwa 22. Kufungua mafaili makubwa yaliyobanwa, kuendesha kompyuta bandia ndani ya kompyuta, kusafisha picha mia mbili za harusi kwa mkupuo mmoja: hapo viini vinne vinavyoshika kazi nane kwa pamoja vinajionyesha. Kwa barua pepe, M-Pesa kwenye kivinjari na kuandika Word, hutaona kitu. I5-3320M hupanda hadi gigahezi 3.3, 3632QM hukomea 3.2, na kazi inayotumia kiini kimoja haina habari na vile vitatu vingine. Mwenye laptopu inayosuasua kuwaka, ambayo bado ina diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, asiguse prosesa kwanza. Aweke SSD, yaani diski isiyozunguka, na RAM ya DDR3, vijiti viwili vya GB 8, kwani T430 haipokei zaidi ya 16. Fedha ikibaki, ndipo prosesa. Na bei ya prosesa ikipita nusu ya bei ya laptopu nzima, iache.

Wakati wa kununua, jina pekee halitoshi. 3632QM ilitengenezwa kwa maumbo mawili: moja ina pini 988 chini yake, nyingine ina vitone vya kuchomelea. Yenye vitone haikufai. Muombe muuzaji picha ya juu na ya chini. Ukiona imeandikwa INTEL CONFIDENTIAL, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, irudishe. Na msisitizie ufungaji. Mzigo wa Lamu hushuka na basi hadi Mokowe, kisha boti, na kila mshikaji huurusha. Ya kwanza niliyotumiwa ilifungwa kwa karatasi na sponji, ikafika na pini tatu zimelala. Nilizisimamisha kwa ncha ya penseli ya risasi za 0.5, ikiwa tupu: unaingiza pini ndani ya tundu lake na kuivuta polepole. Pini ikikatika, prosesa hiyo huenda isiwake tena. Inayofuata niliagiza ije ndani ya kijisanduku kigumu cha plastiki, ikafika salama.

Kabla ya kufungua, sasisha BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, ukiwa bado na prosesa ya zamani, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Stima ya huku haisubiri mtu amalize, na BIOS ikikatikia katikati umepoteza ubao mama. Kisha chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe.

Skrubu za kibodi zina alama ya kibodi chini ya laptopu. Isukume kibodi kuelekea skrini, inua upande wa mbele, fungua waya wake taratibu. Baada yake unatoka mfuniko wa juu wenye padi ya kugusa, halafu feni pamoja na bomba lake la shaba. Panga skrubu juu ya karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake. Ndefu ikiingia tundu la fupi itatoboa mfuniko au itabonyeza ubao. Bisibisi iwe nyota yenye ncha nzima. Iliyolika itaharibu vichwa.

Pembeni ya prosesa kuna skrubu bapa yenye alama ya kufuli. Izungushe nusu mzunguko tu, prosesa itainuka bila kuvutwa. Mpya inaingia kwa uzito wake: pembetatu ya dhahabu ya kona ielekee alama ya soketi. Ikikataa, usiisukume, kuna pini iliyopinda. Ikishakaa, rudisha skrubu ya kufuli.

Hapa kwetu kazi kubwa zaidi ni kusafisha. Kati ya mapezi ya shaba nilikuta vumbi la chokaa la kuta zetu za mawe limeshikana na unyevu wa chumvi, gumu kama plasta, na shaba imeanza kutoa kijani. Bloa peke yake haikutoa kitu. Nilitumia mswaki laini na alkoholi ya asilimia 90 na zaidi, nikaishika feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Mapezi yakiwa yameziba, hata i5 ya zamani itachemka.

Pesti ya joto: ukubwa wa punje ndogo ya mchele, ipakazwe nyembamba ifunike jiwe lote la kati, kile kipande kinachong'aa juu ya prosesa. Prosesa hii haina kofia ya chuma, kwa hiyo jiwe lenyewe ndilo linalobanwa. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa, usimalize moja kabla ya nyingine, maana jiwe huweza kupasuka kona.

Ukiwasha ikaandika Fan error na kuzima, umesahau waya wa feni. Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, rudia RAM, kisha kufuli la soketi, kisha pini. Ikiwaka na kuzima ndani ya dakika moja au mbili, shaba haijakaa sawa juu ya prosesa. Yote yakiwa sawa, bonyeza F1 wakati wa kuwaka na usome jina la prosesa kwenye BIOS.

Chaja iwe ya wati 90. Ya 65 huchelewa kujaza betri kazi ikiwa nzito. Mchana ukizidi joto, kwenye Windows weka ukomo wa prosesa asilimia 99: turbo, yaani mwendo wa ziada, huzimika, mwendo unashuka hadi gigahezi 2.2 na joto nalo.

Prosesa hii haikufungulii Windows 11, kwani Microsoft wanataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Yangu inaendesha Linux Mint. I5 ya zamani nimeiweka ndani ya kile kijisanduku, na pakiti ya silika iliyotoka kwenye viatu, isishike kutu kwenye pini.