National Registry of Exonerations: nyota tano kutoka kwa mkalimani

Natafsiri Kiswahili mahakamani hapa Ohio, na kesi zenye watoto ndizo zinanikosesha usingizi. Ndiyo maana naitumia hii tovuti kila wiki. Ni bure, inakusanya kesi za Marekani tangu 1989 za watu waliofungwa kisha wakaonekana hawana hatia, na unaweza kuzichambua kwa jimbo, kosa, au sababu kama ushahidi wa uongo.

Anza na John Stoll, fundi seremala wa Bakersfield, California. Mwaka 1985 alihukumiwa miaka 40 jela kwa kosa la kuwadhulumu watoto kingono, kwa maneno ya watoto wa kiume. Daktari hakuwapima hata mmoja! Mwaka 2004 wanne kati yao, sasa watu wazima, walirudi mahakamani kusema hayakutokea. Wapelelezi waliwauliza na kuwauliza mpaka wakakubali. Alikuwa amekaa ndani karibu miaka 20. Nililia kwa ajili yake, na kwa wale vijana pia, maana walibebeshwa mzigo wakiwa wadogo mno.

Wakalimani wenzangu, kabla hujamtafsiria mtoto, isome kesi hii yote.