Zeybek na Horon: Ngoma Mbili za Uturuki

Anayeanza kuzifahamu ngoma za asili za Uturuki hukutana mapema na zeybek ya mikoa ya magharibi, kandokando ya Bahari ya Aegean, na horon ya Trabzon na Rize, katika pwani ya Bahari Nyeusi. Zeybek hufuata mdundo wa mapigo tisa, mara nyingi ya polepole mno, huku mchezaji akitanua mikono kama tai, akisita, kisha akishusha goti mpaka liguse ardhi. Husindikizwa na davul, ngoma kubwa inayopigwa kwa gongo nene upande mmoja na ufito mwembamba upande wa pili, pamoja na zurna, ala ya jamii moja na nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki.

Horon haina subira hiyo. Wachezaji hushikana mikono katika mstari au duara, wakitetemesha mabega na kukanyaga kwa kasi, mara nyingi kwa mapigo saba, wakiongozwa na kemençe, fidla nyembamba ya nyuzi tatu ambayo upinde wake hugusa nyuzi mbili kwa pamoja.

Kwa mwanafunzi ningependekeza horon kwanza, ijapokuwa kasi yake inatisha, kwa kuwa mstari humbeba mgeni. Katika zeybek hakuna wa kumshika mkono, hatua ni chache, na kila kuyumba kwake huonekana na watazamaji wote.