CPU-Z: programu ndogo iliyonivua ushamba wa "Core i7"

Nina stesheneri yangu Tabata: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti, kujazia watu fomu mtandaoni. Mwaka jana nilikwenda Kariakoo kutafuta laptopu ya mtumba ya kusafishia picha, nikaingia duka moja ambalo sitalitaja. Kijana wa pale akanikaribisha kwa mbwembwe, "Kaka, hii Core i7, RAM nane, SSD. Hii ndiyo mashine ya kazi." Na kweli stika ya i7, daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel lililo juu ya i5, ilikuwa inang'aa pembeni ya kibodi. Nikatoa 480,000, nikaondoka najiona mjanja wa mjini.

Haikupita wiki mbili nikagundua laptopu ya jirani yangu anayetoa na kuweka pesa, ambayo ni i5 tu, inamaliza kusafisha picha ishirini wakati yangu bado inahema. Sasa i5 inaishindaje i7? Fundi mmoja wa mtaani kwetu hakutaka hata kuishika. Akasema, "Weka CPU-Z, itakwambia yenyewe."

CPU-Z ni programu inayokuonyesha prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda) zilizomo ndani ya mashine. Ni ya bure, inatengenezwa na CPUID wa Ufaransa, na ni nyepesi, haili bando. Ushauri wangu ni kuchukua ile ya zip: unaifungulia kwenye fleshi na kuitumia hapohapo bila kuisakinisha kwenye mashine.

Ukurasa wa kwanza tu ulinimaliza. Yangu ilijiandika Core i7-4600U, na chini kulia Cores (viini) 2, Threads (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) 4. Tukaiweka kwa jirani: i5-8250U, Cores 4, Threads 8. Kumbe i7 yangu ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili. i5 yake ni kizazi cha nane, ya 2017, na ina vinne. Kwa prosesa kama hizi zetu, kizazi unakisoma kwenye tarakimu inayoanza baada ya kile kistari, na ile herufi U ya mwishoni ni alama ya prosesa iliyoundwa kubana umeme. Muuzaji hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kuna na maumivu ya pili. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika rasmi kwa Windows 11. Cha nane kimo. Jirani kapita, mimi nimebaki mlangoni.

Sasa niwape aibu yangu. Nilipofungua ukurasa wa Memory nikakuta RAM inasoma 798 MHz, wakati kipande chenyewe kina stika ya 1600. Damu ikanichemka. Nikapanda daladala mpaka dukani, nikaanza kufoka mbele ya wateja kwamba nimeuziwa RAM nusu. Yule kijana naye hakuwa na jibu, akamwita fundi wao kutoka ghorofani. Mzee wa watu akaangalia, akacheka mpaka akaketi. RAM hizi za aina ya DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo moja, kwa hiyo 798 unaizidisha kwa mbili, na hapo unapata karibu 1600 yako. Nikanunuliwa soda nikaondoka kimya. Lakini jamani, programu ilishindwa nini kuandika hayo pembeni? Hapo naikata nyota moja.

Ukurasa wa SPD ndio ulionirudishia moyo. Unachagua tundu la RAM la kwanza, la pili, unaona kila moja lina nini. GB 8 zangu zilikuwa kipande kimoja, tundu la pili tupu. Nikanunua RAM nyingine ya aina hiyohiyo, DDR3L, nikiwa na uhakika itapata pa kukaa, na mashine ikachangamka kidogo.

Usiitegemee kwa kila kitu, maana haikwambii betri imechoka kiasi gani wala diski ina afya gani. Betri niliipima kwa kuandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows: iliumbwa na uwezo wa kutunza umeme wa mWh 50,000, imebakiza 23,000. Kwa diski ninatumia programu nyingine, CrystalDiskInfo, inayoonyesha hadi saa ambazo diski imeshafanya kazi. Na kama huna fleshi kabisa, bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Jina kamili la prosesa utalikuta pale.

Juzi nilirudi Kariakoo kumtafutia mdogo wangu laptopu ya chuo, fleshi mfukoni. Duka la kwanza walikataa nisichomeke, eti virusi. Nikaaga. La pili, mwenye duka aliichukua akaichomeka mwenyewe kwenye mashine iliyobandikwa karatasi ya "i5 kizazi cha 8". CPU-Z ikasema i5-7300U. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akachukua kalamu, akakata ile 8, akaandika 7 na kushusha elfu hamsini kabla sijafungua mdomo. Nilinunua iliyokuwa pembeni yake.