Jodari wa mnadani Mtwara: nyama nzuri, barafu haba

Kwa anayetaka mnofu mwingi na miba michache, jodari wa mnadani Mtwara anampita changu kwa mbali. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki imechukuliwa na barafu, nitaifikia.

Kwanza jina. Mezani, kila samaki mnene mwenye mkia kama mwezi mwandamo huitwa jodari au sehewa, kutegemea muuzaji. Mgeuze tumbo. Ukiona mistari minne hadi sita myeusi inayokwenda kuelekea mkiani, huyo ni sehewa. Mwenye madoa machache meusi chini ya pezi la kifua na mawimbi mgongoni ni ndugu yake anayekaa karibu na pwani. Lakini tumbo lenye vistari vyeupe vilivyokatikakatika, vimesimama wima, na vipezi vya njano karibu na mkia, huyo ni mtoto wa jodari mapezi njano. Sehewa huanza kuzaa akifika sentimita 40 hivi. Mapezi njano husubiri hadi akaribie mita moja. Wamelazwa meza moja, wanalingana urefu, kumbe mmoja mzazi na mwenzake mtoto. Chukua sehewa.

Mtoto wa mapezi njano mwache azae kwanza, maana jodari si wa Mtwara peke yake. Kati ya 2005 na 2007 jodari zaidi ya 160,000 walitiwa alama katika Bahari ya Hindi, wengi wao kwenye maji ya Tanzania, na wengi walionaswa tena waliletwa na meli zinazoshusha Victoria, Shelisheli. Huko huko Victoria ndiko makao ya IOTC, Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 2007. Mwaka 2015 wataalamu wake walitangaza kuwa mapezi njano anavuliwa kupita kiasi, na 2016 nchi wanachama zikapitisha mpango wa kurudisha wingi wake. Orodha ya kamisheni ina aina 16 za samaki, na nguru, yule wa kukaangwa vipande shughulini, naye yumo.

Sasa barafu. Jodari hutoka majini mwili wake ukiwa na joto kuliko bahari yenyewe. Akiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini, aina ya sumu, ndani ya nyama yake: uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, wakati mwingine ndani ya nusu saa baada ya kula. Kumkaanga hakuiondoi, kumgandisha pia hakuiondoi. Kodeksi, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo. Mezani hakuna kipimo, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Ukionja ukahisi ulimi unachomwa kama na pilipili ambayo hukuitia, tema.

Muulize muuzaji: wa mshipi au wa jarife? Wa mshipi huvutwa akiwa hai na anaweza kuchinjwa damu itoke papo hapo. Wa jarife huenda alikufa usiku wa manane akaning'inia wavuni kwenye maji ya uvuguvugu hadi alfajiri, kwa hiyo saa zake zimeanza kuhesabiwa kabla hajafika pwani. Matamvua yawe mekundu, mnofu uwe mwekundu wa kung'aa. Ukishakuwa wa kahawia, hata kwa nusu bei mwache.

Njoo na deli lako. Barafu iliyopondwa kilo moja kwa kila kilo ya samaki: tabaka chini, samaki, tabaka juu, na matumbo yatolewe kwanza. Acha kizibo wazi maji ya damu yatoke. Kosa la wengi ni kununua kipande kimoja kikubwa cha barafu na kumlaza samaki juu yake. Upande mmoja unapoa, wa pili unaiva kwa jua.

Jikoni, ondoa ule mnofu mweusi wa ubavuni, ndio unaotia shombo mchuzi. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, kaanga haraka, kisha vitie kwenye tui likiwa limeshakolea. Ukivichemsha na tui tangu mwanzo, utatafuna kuni.