C60 ya kuzuia leza: kwenye toluini au ndani ya kioo?

Kanuni ni ileile kwa njia zote mbili: C60 (molekuli ya atomi 60 za kaboni yenye umbo la mpira) iliyosisimuliwa na leza ya kijani (nm 532) hunyonya mwanga zaidi kuliko ikiwa imetulia, hivyo mpigo wa leza ukizidi nguvu, kichujio huzidi giza.

Kwa wepesi wa kuandaa, toluini, kimiminika cha kuyeyushia, inashinda. Huyeyusha takriban mg 2.8 kwa mililita. Tikisa, chuja, tumia. Joto la mpigo pia hutawanya mwanga, nalo husaidia kuzuia. Sehemu iliyoungua hujazwa na kimiminika kipya. Ila toluini huwaka, huvuja, na mvuke wake ni sumu.

Kioo hakivuji, lakini kukitengeneza ni kazi. Huundwa kwa njia ya soli-jeli (mchanganyiko wa kimiminika hugeuka jeli, kisha hukaushwa kuwa kioo), bila tanuri la kuyeyusha kioo, maana joto lile lingeiharibu C60. Tatizo kubwa: C60 haipatani na maji wala alkoholi zinazotumika katika njia hii, basi molekuli zake hushikana; rangi ya zambarau ikigeuka kahawia, jua mambo yameharibika. Tiba ni C60 iliyoongezewa vikundi vinavyopenda maji. Ukikausha haraka, kioo hupasuka: funika chombo, toboa vitundu vichache, subiri wiki kadhaa. Doa la kuungua halifutiki.

Kwa majaribio ya mezani, chukua toluini. Kwa kifaa kinachobebwa na kutikisika, kioo.