Tathmini ya random() ya PostgreSQL, kutoka toleo la 15 hadi la 17

Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama 412, na kila mwisho wa mwaka huendesha droo ya kuwapata watatu watakaopewa zawadi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwachagua kwa fomula fupi ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, yaani (random() * 411)::int + 1, ambayo niliiamini kabisa, hadi siku nilipoikagua kwa makini na kugundua kuwa mwanachama namba 1 na mwanachama namba 412 walikuwa na nusu tu ya nafasi waliyokuwa nayo wenzao. Kosa hilo lilikuwa langu, wala si la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata tunaoutumia. Hata hivyo ndilo lililonisukuma kuichunguza random() yenyewe, kazi yake ya kutoa namba za bahati nasibu, na tathmini hii imetokana na uchunguzi huo.

Chanzo cha kosa ni rahisi kukiona kikishaelezwa. random() hurudisha desimali kuanzia 0 hadi chini kidogo ya 1, na PostgreSQL inapoigeuza desimali kuwa namba nzima haikati sehemu ya mwisho, bali huisogeza kwenye namba nzima iliyo karibu. Kwa hiyo, desimali ikishazidishwa kwa 411, namba ya kwanza hupokea zile za kutoka 0 hadi 0.5 tu, namba ya mwisho nayo hupokea nusu ya upande wake, na zote za katikati hupokea kipande kizima. Anayetaka kushuhudia jambo hili arushe dadu 1,000,000 kwa generate_series, inayotengeneza safu nyingi kwa mpigo, na (random() * 5)::int + 1, kisha ahesabu matokeo: 1 na 6 zitatokea karibu mara 100,000 kila moja, ilhali 2, 3, 4 na 5 zitatokea karibu mara 200,000. Dawa ya zamani ilikuwa kuzidisha kwa idadi kamili na kutumia floor(), inayokata sehemu ya desimali. Dawa ya sasa imekuja na toleo la 17 la mwaka 2024, ambalo linamruhusu mtumiaji aandike random(1, 412) na kupata namba nzima bila hesabu yoyote ya pembeni.

Kwa maoni yangu nyongeza hiyo ndogo ina faida kubwa kwa mtumiaji wa kawaida kuliko mabadiliko yote ya kitaalamu yaliyofanywa ndani ya mtambo unaozalisha namba, na nasema hivyo nikiyaheshimu sana mabadiliko hayo. Ndani ya nyongeza yenyewe pia kuna uangalifu ambao wengi wetu tusingeukumbuka. Badala ya kugawanya namba kubwa na kuchukua baki, njia ambayo huzipendelea namba za mwanzo kwa kiasi kidogo, msimbo huchukua biti, yaani tarakimu za 0 na 1, zinazotosha masafa yaliyoombwa, na zikitoa namba iliyozidi kikomo huitupa na kuchota nyingine. Kwa wastani haihitaji kuchota zaidi ya mara mbili.

Mtambo wenyewe ulibadilishwa katika toleo la 15, lililotoka Oktoba 2022, kwa kazi iliyoandikwa na Fabien Coelho. Kabla ya hapo random() ilitegemea kanuni ya kale ya biti 48, ile inayozidisha hali iliyopo, yaani namba ambayo mtambo huitunza ndani yake, kwa 25214903917, ikaongeza 11, kisha ikabakiza biti 48 za chini. Kanuni hiyo ni nyepesi, lakini biti zake za chini ni dhaifu mno: ile ya chini kabisa hubadilika kati ya 0 na 1 kwa zamu, kama mtu anayetembea kwa miguu miwili. Mahali pake pamewekwa kanuni iitwayo xoroshiro128** ya David Blackman na Sebastiano Vigna, ambayo hutunza hali ya biti 128 katika namba mbili za biti 64 na haijirudii hadi ipite hatua 2 kwa kipeo cha 128, kasoro moja. Moyo wake ni mistari michache ya kuzidisha kwa 5 na 9, kuzungusha biti na kuzichanganya, na yeyote anayesoma lugha ya C anaweza kuufuata katika faili la pg_prng.c kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kuna hata ulinzi dhidi ya hali ambayo biti zote ni sifuri, maana ikifika hapo kanuni ingetoa sifuri milele.

Uzuri huo usimdanganye mtu akaitumia kutengeneza nenosiri, tokeni au namba za siri za vocha. Nyaraka za PostgreSQL zinaonya waziwazi, na sababu inaonekana kwenye msimbo uleule: kuzidisha kwa 5 na 9 na kuzungusha biti ni hatua zinazoweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo anayeziona namba mbili kamili za biti 64 zinazofuatana anaweza kuipata hali yote ya ndani na kuzijua namba zote zitakazofuata. Kwa kazi hizo kuna gen_random_uuid(), iliyoingizwa katika kiini cha PostgreSQL tangu toleo la 13, au gen_random_bytes() ya kiendelezi cha pgcrypto. Ninalolalamikia hapa ni jina. Kazi isiyo salama ndiyo iliyopewa jina fupi linalomjia kila mtu kichwani.

Jambo jingine linalowanasa watu ni kwamba random() ikiwekwa kwenye WHERE, sehemu ya amri inayochuja safu, huitwa upya kwa kila safu ya jedwali. Niliwahi kuandika WHERE namba = random(1, 412) nikitarajia jina moja, nikapata jedwali tupu; nikairudia, nikapata majina mawili. Ukipiga hesabu utaona kuwa takriban mara 37 katika kila 100 amri hiyo haitarudisha mtu yeyote. Inatosha kuifunga ndani ya mabano pamoja na SELECT, yaani WHERE namba = (SELECT random(1, 412)), ili ikokotolewe mara moja tu. Kwa majedwali ya mamilioni ya safu, ambako ORDER BY random(), inayopanga safu zote upya kwa bahati nasibu, huchosha seva bure, TABLESAMPLE, inayochota sampuli tu ya jedwali, inafaa zaidi, mradi ukumbuke kwamba mbinu ya SYSTEM huchukua kurasa nzima za kilobaiti 8 na hivyo kukuletea safu zilizolala jirani.

Wenye majaribio yanayotegemea setseed(), kazi inayoipa random() mbegu, yaani namba ya kuanzia, wajue kuwa mbegu ileile hutoa mfululizo tofauti katika toleo la 14 na la 15. Majaribio yangu kadhaa yalianguka siku niliyohama, na ingawa tangazo la toleo lilikuwa limesema, mimi nilikuwa sijalisoma.

setseed() hiyohiyo ndiyo iliyoiokoa droo yetu. Mwaka uliofuata orodha ya wanachama ilifungwa na kubandikwa ukutani kwanza, kisha wanachama sita wakaandika kila mmoja tarakimu moja kwenye kikaratasi, na vikaratasi vyote vikakusanywa kabla ya chochote kusomwa, kwa sababu anayetamka tarakimu ya mwisho akiwa na kompyuta mapajani anaweza kuchagua kati ya matokeo kumi. Tarakimu ziliunganishwa zikawa desimali, nikaipitisha kwenye setseed(), ambayo hupokea namba kati ya -1 na 1, halafu nikaita random(1, 412) mara tatu katika kipindi hichohicho. Mjumbe wa kamati ya usimamizi, ambaye hajawahi kuniamini sana, aliziandika amri hizo kwenye kompyuta yake yenye toleo la 17 kama yangu, akaletewa namba zilezile tatu, na akasaini kumbukumbu za mkutano bila swali.